Kitanda Usichokilalia: Nafasi ya Msomaji Mtoto katika Kuipiga Msasa Miswada ya Fasihi ya Watoto

Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii yawafaa sana wanaojishughulisha na fasihi ya watoto. Kitabu cha mtoto hutungwa na mtu mzima, huhaririwa na mtu mzima, huchorewa picha na mtu mzima, huidhinishwa na watu wazima na hatimaye hununuliwa na mtu mzima. Anayekilalia kitanda hicho ni mtoto peke yake. Naye hukabidhiwa siku ambayo kunguni wamekwisha kujichimbia katika mbao na fundi amekwisha kulipwa ujira wake. Akigeuka-geuka kwa kukosa usingizi, huambiwa kwamba watoto wa siku hizi hawapendi kusoma.

Makala haya yanashikilia kuwa mswada wa kitabu cha watoto haujakamilika hadi watoto wa umri unaolengwa wausome, au wasomewe, waseme waliyoyaona, na maoni yao yawe na uwezo wa kuibadilisha matini kabla haijapelekwa mitamboni. Aidha, yanashikilia kuwa wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vikuu vya Kenya wana nafasi nzuri ya kuianzisha kazi hii, kwa gharama ndogo na kwa manufaa ya taaluma yao wenyewe.

Hadhira tendi iliyogeuzwa hadhira tuli

Wazo la kumshirikisha mtoto katika utunzi si geni wala si la kuazimwa ng'ambo. Mwanafunzi yeyote wa fasihi simulizi anajua kuwa mtambaji wa ngano hakuweza kupiga hatua pasipo hadhira yake. Alisema "Paukwa!" na kama hakuna aliyejibu "Pakawa!", hadithi haikuanza. Watoto walidakia wimbo wa ngano, waliuliza maswali, walikatiza, walicheka mahali ambapo mtambaji hakutarajia kicheko, na wengine walisinzia. Kusinzia nako kulikuwa uhakiki. Mtambaji stadi alipoona macho yanafumba, alibadilisha sauti, alifupisha maelezo ya safari, au alimleta zimwi mapema kuliko alivyokusudia. Usiku uliofuata, ngano ile ile ilitambwa ikiwa imekwisha kupogolewa. Hivyo ngano zinazofundishwa leo darasani zimepita katika chekecheo la vizazi vingi vya wasikilizaji wadogo.

Maandishi yalipoingia, uhusiano huo ulikatika. Fanani aliondoka mbele ya hadhira akaketi mezani, na hadhira tendi ikageuzwa kuwa hadhira tuli. Badala ya mtoto, waamuzi wengine walichukua nafasi. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ilikuwa na jukumu, miongoni mwa mengine, la kukagua lugha ya vitabu vya shule na kuvipa idhini. Lilikuwa jukumu la haja, kwani Kiswahili sanifu kilichojengwa juu ya Kiunguja ndiyo kwanza kilikuwa kikisimikwa. Hata hivyo, swali la kama lugha ya mswada ni sanifu ni moja, na swali la kama mtoto atatamani kuufungua ukurasa unaofuata ni jingine kabisa. Kamati ya watu wazima inaweza kulijibu la kwanza. Haiwezi kulijibu la pili kwa kukagua sarufi.

Safari ya mswada nchini Kenya

Tangu wakati huo taasisi zimebadilika, lakini njia ya mswada ni ile ile. Mwandishi humpelekea mchapishaji. Mchapishaji humpa msomaji wa nje, aghalabu mwalimu au mhadhiri, aandike ripoti. Mhariri hunyoosha lugha, mchoraji huongeza picha, na iwapo kitabu kinakusudiwa shule, hupelekwa kwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, iliyojulikana kama Taasisi ya Elimu ya Kenya hadi mwaka 2013. Huko hutathminiwa na jopo la wataalamu. Hakuna hatua hata moja kati ya hizi isiyo na maana. Kasoro ni kwamba njia yote hii yaweza kupitwa toka mwanzo hadi mwisho pasipo mtoto hata mmoja kuulizwa neno.

Soko nalo halimsaidii mtoto. Katika biashara ya kawaida, mteja asiyeridhika hurudi nyumbani na fedha zake. Katika biashara ya vitabu vya watoto mnunuzi si msomaji. Tangu mwaka 2017, serikali ya Kenya hununua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvisambaza katika shule za umma. Vitabu vya ziada hununuliwa na wazazi kwa orodha ya mwalimu. Mtoto hana hata silaha ile ndogo ya kukataa kununua. Silaha pekee aliyo nayo ni kukifunga kitabu, na akikifunga, ni yeye anayelaumiwa.

Athari zake zimo ndani ya vitabu vyenyewe. Kwa miaka mingi mtoto wa Kenya alifundishwa kuandika insha ya alama 40 katika mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Ili apate alama hizo, alikaririshwa methali, tashbihi na nahau, kisha akazimwaga zote katika ukurasa mmoja na nusu. Mtindo huo umepenya katika hadithi anazoandikiwa. Mhusika wa miaka tisa hawezi kuamka kitandani kabla majogoo hayajawika, jua halijachomoza kwa madaha na umande haujametameta mithili ya lulu. Msomaji wa nje akiziona tamathali hizo, huandika katika ripoti yake kuwa lugha imekomaa. Mwanafunzi wa Gredi ya 4 anayasubiri majogoo yanyamaze ili tukio lianze. Baada ya kurasa tatu huacha kusubiri.

Kuna pia suala la mazingira. Mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa, amezaliwa ndani ya Kiswahili. Mtoto wa kijijini Turkana huenda akakutana nacho kwa mara ya kwanza shuleni. Mtoto wa Kayole hucheza kwa Sheng, husoma Kiingereza na hukifikia Kiswahili sanifu kama somo. Watatu hawa hupewa kitabu kimoja. Neno "ngalawa" ni picha kamili kwa wa kwanza. Kwa wa pili ni sauti tu hadi mchoro umsaidie. Na ikiwa mchoraji aliyekulia bara ameichora ngalawa isiyo na zile mbao za kando zinazoizuia isipinduke, mtoto wa Pwani atacheka, na huenda asiiamini tena hadithi iliyosalia. Mhariri aliyeketi Nairobi hana njia ya kuyabaini haya yote kwa kufikiri. Njia ni kuuliza.

Waliouliza, na walichojifunza

Historia ya uchapishaji ina mifano ya waliouliza. Maarufu zaidi ni ule wa mwaka 1936 jijini London. Mchapishaji Stanley Unwin alipopokea mswada wa The Hobbit wa J. R. R. Tolkien, alimpa mwanawe Rayner, aliyekuwa na umri wa miaka kumi, ausome na kuandika ripoti. Ujira wake ulikuwa shilingi moja. Rayner aliusifu mswada huo na kukadiria kuwa ungewafaa watoto wa kati ya miaka mitano na tisa. Kitabu kilitoka Septemba 1937, na tangu hapo hakijakosa wasomaji.

Mfano huu husimuliwa kwa sababu ya mwisho wake mwema, lakini kuna somo ndani yake ambalo husahaulika. Rayner aliandika pia kuwa kitabu hicho, kikiwa na ramani, hakikuhitaji picha. Kilipotoka kilikuwa na ramani na picha zilizochorwa na Tolkien mwenyewe. Yaani mchapishaji alimsikiliza mtoto kuhusu mvuto wa hadithi, akafanya uamuzi wake kuhusu umbo la kitabu. Kumsikiliza mtoto si kumkabidhi kalamu ya mhariri.

Si lazima mtoto huyo awe mwana wa mchapishaji, na pengine ni heri asiwe. Mwalimu Lucy Sprague Mitchell wa New York alitoa mwaka 1921 mkusanyiko wa hadithi ulioitwa Here and Now Story Book. Hadithi hizo zilikuwa zimejaribiwa kwa watoto wadogo wa shuleni, zikirekebishwa kwa kufuata walivyozipokea. Nusu karne baadaye, waandalizi wa kipindi cha televisheni cha Sesame Street, kilichoanza mwaka 1969 nchini Marekani, walikwenda mbali zaidi. Walimweka mtoto mbele ya televisheni inayoonyesha kipindi, na kando yake wakaweka picha nyingine zilizobadilika kila baada ya sekunde saba na nusu. Mtoto hakuulizwa lolote. Watafiti walinakili tu ni wakati gani macho yake yaliondoka kwenye kipindi. Sehemu iliyopoteza macho ya watoto wengi ilifanyiwa marekebisho. Mtambaji wa ngano angeitambua mbinu hii mara moja, maana ndiyo yake.

Nadharia nayo haikosi la kusema. Wafuasi wa nadharia ya upokezi wamefunza kuwa maana ya matini hukamilika kwa msomaji. Aidan Chambers, katika makala yake ya mwaka 1977 kuhusu msomaji aliyemo ndani ya kitabu, alionyesha jinsi mwandishi anavyomjenga mtoto wa kufikirika anayezungumza naye. Jacqueline Rose, mwaka 1984, alikwenda mbali na kudai kuwa fasihi ya watoto kwa hakika haiwezekani, kwa kuwa mtoto anayehusishwa nayo ni mtoto wa matamanio ya mtu mzima. Anayekubaliana na Rose na anayempinga wote wana sababu ya kufanya jambo lile lile. Wamkutanishe mtoto wa kufikirika na mtoto wa damu na nyama, waone wanavyofanana.

Juu ya hayo kuna haki. Ibara ya 12 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, humpa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Ni vigumu kulitaja jambo linalomhusu mtoto kuliko kitabu kilichoandikwa kwa jina lake.

Pingamizi

Wapo watakaosema kuwa mtoto hana ujuzi wa kuhakiki. Ni kweli kwamba hajui msuko wala usemi wa taharuki. Lakini mgonjwa hasomei udaktari ili aseme panapomuuma. Kazi ya mtoto ni kuonyesha mahali, na kazi ya mwandishi na mhariri ni kutafuta dawa. Mtoto akisema, "Huyu nyanya anaongea sana", huenda dawa isiwe kumnyamazisha nyanya, bali kumpa jambo la kusema.

Wengine wataogopea lugha. Watauliza: je, watoto wakiachiwa wahukumu, Kiswahili sanifu hakitamezwa na Sheng? Hofu hii ina msingi, lakini inachanganya mambo mawili. Mtoto halikimbii neno jipya kwa upya wake. Watoto hupenda maneno mageni, majina ya mazimwi na vitanza ndimi visivyotamkika. Analolikimbia ni neno linalomwacha peke yake, pasipo tukio, picha wala sentensi jirani ya kumshika mkono. Maoni ya watoto yatamsaidia mwandishi kuyatenganisha maneno yanayobebwa na hadithi na yale yanayoizuia. Kiswahili sanifu kitapoteza zaidi kwa vitabu vinavyofungwa katika ukurasa wa tatu.

Pingamizi la tatu ndilo zito. Mtoto wa Kenya amelelewa kumheshimu mkubwa, na darasani amezoea swali moja: "Mmeelewa?" Jibu lake huja kwa sauti moja ya darasa zima: "Ndiyo, mwalimu!" Mtu mzima akija na mswada mkononi akauliza kama hadithi ni nzuri, ataambiwa ni nzuri sana. Maoni ya namna hiyo hayana faida, tena yana madhara, kwa kuwa mchapishaji atayatumia kama muhuri. Pingamizi hili halijibiwi kwa kuliacha zoezi. Hujibiwa kwa kulifanya vizuri.

Ama kuhusu gharama na usiri, majibu ni mepesi. Nakala kumi zilizotolewa fotokopi, zikapewa nambari na kukusanywa mwishoni, hazigharimu kitu zikilinganishwa na maelfu ya nakala zilizochapwa zikalala ghalani. Mchapishaji mwenye hofu zaidi anaweza kuruhusu mswada usomwe kwa sauti tu, asiyaache makaratasi.

Namna ya kuuliza

Kikundi kiwe kidogo, cha watoto sita hadi wanane wa umri unaolengwa, na vikundi viwe zaidi ya kimoja: cha Pwani, cha mjini bara, na cha mahali ambapo Kiswahili si lugha ya nyumbani. Anayeongoza asiwe mwandishi wala mwalimu wa darasa lile. Aanze kwa kuwaambia watoto jambo la kweli, kwamba kitabu hakijamalizika na mwenye kukiandika anataka kujua pa kurekebisha. Mtoto akijua kuwa kitu kinaweza kubadilika, ulimi wake hulegea.

Wakati wa kusoma, mtu wa pili anakili kimya kimya. Wapi walicheka? Wapi walianza kutazama dirishani? Wapi mmoja alimwinamia mwenzake kumuuliza neno? Baada ya kusoma, swali la kwanza lisiwe kama wamependa. Chambers, katika kitabu chake Tell Me cha mwaka 1993, alipendekeza maswali ya msingi yanayofaa kuigwa: ni nini ulichokipenda, ni nini hukukipenda, ni nini kilichokutatiza, na ni mambo gani uliyoyaona yakijirudia au kuhusiana. La tatu ndilo lenye mavuno zaidi, kwa kuwa humruhusu mtoto aeleze ugumu wa matini bila kukiri ujinga wake.

Kisha aombwe mtoto mmoja amsimulie hadithi hiyo mwenzake ambaye hakuwapo. Huu ndio mtihani mkali kuliko yote, na ni wa jadi. Alichokiacha hakikumgusa. Alichokibuni kujaza pengo ni ushahidi kuwa pengo lipo. Mtoto mnyamavu apewe karatasi achore sura anayoikumbuka. Katika vitabu vya walio wadogo zaidi, rasimu za picha zionyeshwe pia, maana wao huisoma picha kabla ya neno.

Maadili nayo yasipuuzwe. Ridhaa ya mzazi na ya shule iombwe kwa maandishi, na mtoto mwenyewe awe huru kukataa au kuondoka katikati. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hutaka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla taarifa binafsi za mtoto hazijashughulikiwa, kwa hiyo kinachohitajika kunakiliwa ni umri, gredi na maoni, si majina wala picha za nyuso. Maoni ya mtoto yasigeuzwe tangazo la biashara. Na kwa kuwa Rayner alilipwa shilingi yake, si haki mtoto wa Kenya afanye kazi hiyo hiyo kwa pipi moja. Angalau nakala za kitabu kilichochapishwa ziletwe katika maktaba ya shule, na watoto waonyeshwe mahali palipobadilika kwa ajili yao. Asiyeonyeshwa hivyo hatasema kweli mara ya pili.

Wito kwa wanataaluma wa Kiswahili

Kazi hii inahitaji watu wanaoijua fasihi, wanaokijua Kiswahili cha maeneo mbalimbali na walio tayari kwenda shuleni. Wanafunzi wa Kiswahili wana sifa hizo zote. Wengi wao ni walimu watarajiwa wanaopelekwa mazoezini katika kaunti mbalimbali. Chama cha wanafunzi kinaweza kuomba mswada mmoja kutoka kwa mchapishaji mmoja, kikausoma na watoto wa shule tatu, kikaandika ripoti ya kurasa tano. Hilo lawezekana katika muhula mmoja.

Wahadhiri nao wanaweza kuipa kazi hiyo hadhi ya utafiti. Tasnifu kuhusu fasihi ya watoto aghalabu huchunguza maudhui, wahusika na mtindo wa vitabu vilivyokwisha kuchapishwa, na mtoto hutajwa humo bila kuonekana. Mwanafunzi akifuatilia mswada mmoja tangu rasimu ya kwanza, akaonyesha ni maoni yapi ya watoto yaliyopokelewa, yapi yaliyokataliwa na kwa nini, atakuwa ameongeza jambo katika nadharia ya upokezi kwa kutumia data ya Kiswahili. Kwa wachapishaji, kinachohitajika ni sharti moja katika mkataba, kwamba mswada wa watoto utasomwa na watoto kabla ya kusanifiwa kurasa.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, humtaka mwanafunzi awe na fikra tunduizi na uwezo wa kuwasiliana. Ni ajabu kumtaka awe na fikra hizo juu ya kila kitu isipokuwa kitabu kilichomo mikononi mwake. Mtambaji wa kale, ambaye hakuwa na mtaala, alijua kusema "Paukwa!" kisha akanyamaza kidogo kusubiri jibu. Uandishi wa watoto katika Kiswahili umekuwa ukisema "Paukwa!" kwa muda mrefu. Umefika wakati wa kusubiri.